Sifuri ya Mheshimiwa

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwa woga, msinielewe vibaya. Jina lake limefungiwa kabatini Wizarani lisije likachakaa kwa kutajwatajwa ovyo. Ni nchi nzuri, ina amani kupita kiasi, na mimi ni mtumishi wake mtiifu. Naitwa Mikidadi. Kazi yangu ni kuandika hotuba katika Wizara ya Orodha na Uwepo wa Raia.

Wizara yetu ndiyo inayotunza Jedwali Kuu. Kila raia amepewa mstari wake mmoja kwenye kompyuta: namba, jina, kata, cheo, na mwishoni kabisa safu iitwayo Hali. Safu hiyo ina maneno mawili tu, Yupo na Hayupo. Zamani, kabla ya maendeleo, mtu akitaka kujua kama jirani yake yupo alilazimika kwenda kupiga hodi. Siku hizi tunaiuliza fomula. Unaipa namba ya mtu, inaingia ndani ya Jedwali, inamtafuta, inarudi na Hali yake kabla hujameza mate.

Namba hupewa mtu siku ya kuandikishwa, kwa kufuata foleni. Yangu ni 40117, na ya mke wangu Mastura ni 40118. Siku ile jua lilikuwa kali, yeye alikuwa na mimba ya binti yetu Zamda, nami nilimpita kwenye foleni ili niwahi kukaa kivulini. Zamda sasa ameolewa, lakini jambo hilo mama yake hajalisahau. Kila nikichelewa nyumbani hukumbushwa.

Anayeonekana Hayupo hupelekewa barua. Ni barua ya heshima, ina nembo. Inamtaka afike mwenyewe uwanja wa Wizara siku ya Ijumaa saa nne asubuhi, aje na kalamu yake, atie sahihi Fomu ya Kutokuwepo mbele ya shahidi ambaye yupo, kisha apande lori. Sheria inasema mtu asiyekuwepo akiachwa azurure mitaani anawachanganya waliopo. Lori linakwenda wapi mimi sijui, wala si kazi yangu kujua. Ninachojua ni kwamba hurudi Jumamosi limeoshwa vizuri sana.

*

Mwaka huu Mheshimiwa Waziri Ngasamo aligundua jambo la kutisha. Alikuwa anapitia Jedwali akakuta muuza mkaa mmoja yuko juu ya Katibu Mkuu, mistari kumi na minne juu yake, kwa sababu tu aliandikishwa mapema. Mheshimiwa hakulala siku hiyo mchana, na huwa analala.

"Hii ni nchi au foleni ya maji?" alituuliza kikaoni. "Kuanzia leo Jedwali litapangwa kwa itifaki. Wakubwa juu, wadogo chini. Kila mtu ajue nani yuko juu ya kichwa chake."

Tulipiga makofi. Aliyenyoosha mkono ni mmoja tu, Siwema Kalinga, fundi wetu wa fomula, mwanamke mwembamba anayevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Siwema ana tabia mbaya ya kujua kazi yake.

"Mheshimiwa, fomula yetu hutafuta kwa kuamini kwamba namba zimepangwa, ndogo juu, kubwa chini. Tukihamisha watu kwa vyeo, itapotea njia."

"Fomula ni mtumishi wa Serikali," akasema Mheshimiwa. "Itazoea."

Makofi ya pili yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, na mimi ndiye niliyeyaanzisha. Wiki nzima makarani wakahamisha mistari. Majenerali wakapanda, makatibu wakapanda, wapiga tarumbeta wa Serikali wakapanda. Wakunga wote wa nchi walikatwa mahali walipokuwa wakabandikwa chini kabisa, baada ya wafagiaji wa viwanja vya ndege, kwa hoja kwamba watu wanaowahudumia huwa hawajapata namba.

Uzinduzi ulikuwa Jumatatu asubuhi. Kipanya cha kompyuta kililetwa juu ya mto wa mahameli mwekundu, bendi ikapiga, na Mheshimiwa akakishika kwa mkono wake mwenyewe akaiburuta fomula kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Siku hiyo zilitafutwa Hali za wanaume, na za wanawake zingefuata Jumanne. Mimi nilikuwemo, nikapewa cheti changu cha Yupo, halali kwa mwaka mzima, nikakitia mfukoni.

Kisha akasoma hotuba niliyomwandikia. Mheshimiwa ana vyeo kumi na kimoja, na mwanzoni mwa kila hotuba huvisoma vyote. Akasoma hadi cha kumi. Akageuza karatasi akaangalia nyuma yake. Hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimesahau cha kumi na moja, Mlezi wa Mizani ya Taifa.

Baada ya sherehe alikuja moja kwa moja mpaka nilipo, akanishika mkono akaushikilia muda mrefu.

"Mikidadi," akasema kwa upole, "nitakukumbuka."

Niliguswa sana. Mchana ule tulimwona pia akiomba kiti cha Siwema, akaketi mbele ya kompyuta dakika moja hivi, akaandika neno kwa kidole kimoja, akaondoka. Ofisi nzima tuliona fahari kuwa na kiongozi anayefanya kazi kwa mikono. Nilipomsimulia Mastura jioni, mambo ya mkono na mambo ya kidole, aliweka mwiko chini.

*

Jumatano nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu, ambaye hayupo, anachambua mchicha.

Barua ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Niliisoma mara tatu. Namba ilikuwa yake, jina lake, kata yetu, nembo yetu. Hata ule mstari wa mwisho unaomtakia msomaji utulivu niliutambua. Niliutunga mimi mwaka juzi na nikasifiwa.

"Baba Zamda," akasema bila kuinua macho, "niambie. Mimi nipo au sipo?"

"Mama Zamda, Jedwali halijawahi kukosea."

"Leo asubuhi nimezalisha mapacha pale zahanati. Mmoja alitanguliza miguu. Wamezalishwa na nani?"

"Hilo itabidi lichunguzwe."

Aliacha mchicha akanitazama. Nimemjua mwanamke huyu miaka ishirini na sita, na sijawahi kutazamwa hivyo, hata siku ya ile foleni.

"Wewe unaniona?"

"Nakuona."

"Basi kesho nenda ukawaambie."

Nasema wazi, niliogopa. Mimi ni mtu wa kuamini mambo ya Serikali, nimeyaamini tangu shule, lakini niliangalia vidole vyake vyenye majani ya mchicha nikaona siwezi kuamini hili, hata nikijilazimisha. Kisha tukala ule mchicha. Alikula vizuri kwa mtu ambaye hayupo.

*

Alhamisi saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Siwema. Alikuwa amekwisha kufika. Nilimpa ile barua, akaisoma, akavuta kiti.

"Kaa, kaka Mikidadi. Tumtafute wifi."

Alifanya kazi yake kama daktari anavyompapasa mgonjwa. Kwanza aliangalia namba kama imeandikwa sawa, akaikuta sawa. Akaangalia kama kuna nafasi tupu imejificha nyuma yake, maana nafasi moja tu isiyoonekana hutosha kumfanya mtu awe mgeni kwa fomula. Haikuwepo. Akaangalia kama namba imehifadhiwa kuwa maandishi badala ya namba, akaangalia kama eneo la kutafutia linafika mpaka mstari wa mwisho wa Jedwali. Kila kitu kilikuwa safi.

"Basi ni lile nililosema," akasema. "Ni itifaki."

Akanieleza taratibu. Fomula yetu haisomi Jedwali lote, ni mvivu. Inakwenda katikati, inamuuliza aliyekaa pale: namba yako ni kubwa au ndogo kuliko hii ninayoitafuta? Akijibu kubwa, inatupa nusu yote ya chini. Akijibu ndogo, inatupa nusu yote ya juu. Halafu inakwenda katikati ya kilichobaki na kuuliza tena.

"Inatupa nusu ya taifa bila kuitazama?"

"Kila hatua, kaka. Zamani haikuwa na madhara, kwa sababu watu walikuwa wamekaa kwa namba. Sasa wakunga wako chini kule, na yenyewe inamtafuta wifi pale alipokuwa zamani. Haimkuti."

"Na isipomkuta?"

"Ingesema imekosa, ningeshukuru. Haisemi. Inamchukua mtu mwenye namba iliyo karibu kwa chini, inachukua Hali yake, inarudi nayo kama ndiyo ya wifi."

"Haioni aibu?"

"Ni fomula, kaka. Inafanya ilivyoambiwa."

Akafungua droo akatoa daftari. Tangu Jumanne alikuwa anakagua barua moja moja kwa mkono. Wiki hii zilitoka barua mia tatu na kumi na mbili. Zilizomfikia mwenyewe hasa zilikuwa nane. Wengine wote walikuwa wamebebeshwa Hayupo ya mtu mwingine, na kesho saa nne wangekuja na kalamu zao kuitilia sahihi.

*

Tulikwenda kwa Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Lwitiko, mtu msafi ambaye huvaa glavu akigusa Jedwali. Siwema alimwambia dawa ziko mbili. Ya kwanza, watu warudishwe kwenye mpangilio wa namba.

"Nimrudishe muuza mkaa juu ya Katibu Mkuu?" aliuliza Bwana Lwitiko. "Dada, una watoto?"

Ya pili ilikuwa ndogo zaidi. Fomula huishia na neno moja linaloiambia itafuteje. Yetu imeandikwa KWELI, na maana yake kwa mashine ni kwamba akikosekana mwenyewe, wa karibu anatosha. Ili imtafute mtu huyohuyo, asipokuwepo iseme hayumo, inatakiwa iandikwe SI KWELI.

Bwana Lwitiko alivua glavu moja.

"Mnataka waraka wa Serikali," akasema polepole, "wenye nembo, uliozinduliwa na Mheshimiwa mbele ya bendi, uishie na maneno hayo mawili?"

Akavua na glavu ya pili.

"Nimewasikia vibaya," akasema. "Masikio yangu yana matatizo tangu mwaka jana. Na wewe Mikidadi, kama mkeo anaamini yupo, si aombe? Utaratibu upo. Alete ombi, kiambatanisho ni cheti cha Yupo."

Tukiwa kwenye ngazi Siwema alicheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kuna njia ya tatu," akasema. "Mashine haijali maneno. Ukiweka sifuri mahali pa SI KWELI, inaelewa vilevile. Sifuri moja tu. Nani atamshitaki mtu kwa sifuri?"

Tukarudi ofisini kwake, akafunga mlango. Akafungua Jedwali, akaifuta KWELI, akaweka sifuri. Lakini fomula ikibadilishwa lazima iburutwe upya kwa watu wote, wanaume kwa wanawake, kuanzia juu. Akaiburuta. Mashine ikanguruma dakika mbili.

40118. Yupo.

Nilitaka kumkumbatia dada wa watu. Nilisema mambo mengi, sikumbuki yote. Nadhani nilimwahidi mbuzi. Ndipo nikagundua kwamba yeye hacheki. Alikuwa ameweka kidole kwenye skrini, mstari mwingine kabisa, juu sana, pale wanapokaa waandishi wa hotuba.

"Kaka Mikidadi. Hukuniuliza wifi alibebeshwa Hayupo ya nani."

Namba iliyo karibu kwa chini. Niliitazama kwa muda mrefu ingawa naijua kwa moyo, nimeiandika kwenye kila fomu tangu ujana wangu.

40117. Hayupo.

"Jumatatu mchana," Siwema akasema, "aliponiomba kiti."

Kumbe alinikumbuka siku ileile.

*

Siwema aliongea kwa sauti ya chini, akitazama ukuta.

"Nikifuta hii sifuri, hakuna aliyeona. Wanaume mlikwisha kutafutwa, una cheti mpaka mwakani. Wifi atapanda lori na Hayupo yako, Jedwali litahesabu Hayupo moja imechukuliwa, na huenda hata Mheshimiwa akakusahau. Nikiiacha, kesho unakwenda wewe. Mimi siwezi kukuchagulia."

Ningependa kuandika kwamba nilijibu papo hapo. Wasomaji wa nchi yetu wamezoea mashujaa. Ukweli ni kwamba nilifikiri. Nilifikiri muda wa kutosha kusikia bomba la choo cha ghorofa ya juu likijaa maji hadi likanyamaza. Niliwaza juu ya cheti changu mfukoni. Niliwaza kwamba Mastura ni mwanamke hodari, pengine huko lori linakokwenda wanahitaji wakunga. Niliwaza hivyo, na nikajisikia vibaya kiasi kwamba niliona heri lori.

"Iache," nikasema.

"Una hakika?"

"Iache, dada. Lakini Lwitiko ataiona jioni akikagua, ataifuta. Tufanye asiweze kuifuta."

Hapo ndipo ilipokuja zamu ya kazi yangu. Kila Alhamisi saa tisa Mheshimiwa husomewa taarifa ya wiki. Nilikaa kwenye meza ya Siwema nikaandika kurasa nne, na sijawahi kuandika vizuri namna ile. Nilieleza kwamba Mheshimiwa, katika ile dakika moja aliyoketi mbele ya kompyuta Jumatatu, alikuwa ameona kile ambacho mafundi hawakukiona. Wengine wote, niliandika, walihangaika na moja, mbili, tatu. Ni Mheshimiwa peke yake aliyethubutu kusimama mahali ambapo hakuna kitu na kukiona kuwa kinatosha. Nikaipa jina: Sifuri ya Mheshimiwa. Nilivitaja vyeo vyote kumi na kimoja kwa mpangilio, Mlezi wa Mizani nikampigia mstari. Mwishoni nikaongeza cha kumi na mbili, Baba wa Sifuri.

Mheshimiwa alisikiliza amefumba macho. Tulipofika kwenye cheo cha kumi na mbili, machozi yalimtoka kweli.

"Lakini barua zimepungua," akasema akijifuta. "Zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, sasa tisa."

"Ndiyo nguvu ya sifuri, Mheshimiwa," nikajibu. "Tisa, lakini ni wale wale hasa."

Alipenda sana hayo maneno, akayarudia mara mbili. Akatia sahihi amri palepale: Sifuri ya Mheshimiwa isiguswe na mkono wa mtu kwa muda wa miaka mia moja, na atakayeifuta atafutwa. Bwana Lwitiko alipiga makofi mpaka glavu zikachanika. Barua mia tatu na nne zikabatilishwa kabla ya saa kumi. Nasikia kwenye kata zetu watu walilia, wakampikia Mheshimiwa pilau.

Nilipokuwa natoka aliniita.

"Umeandika vizuri, Mikidadi. Nitakukumbuka."

"Mheshimiwa," nikamwambia, "umeshanikumbuka."

Alitabasamu kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, halafu akaletewa chai.

*

Mastura nilimpa cheti chake kipya mkononi. Alikisoma, akakigeuza, akakiweka kwenye kopo la chumvi.

"Na wewe?"

"Mimi nina cha Jumatatu."

Nilikosea. Ningemwambia ukweli mapema tungepata jioni nzima ya kusemezana. Barua yangu ililetwa leo alfajiri na tarishi mwenye adabu sana, na aliyefungua mlango ni yeye. Hakupiga kelele. Alinipigia shati pasi, akalirudia tena kwenye kola, akatembea nami mpaka uwanjani akiwa amenishika kiwiko kana kwamba mimi ndiye mjamzito.

Ninaandika haya nikiwa kwenye foleni, nyuma ya kurasa za ile taarifa ya jana, kwa kalamu niliyoagizwa nije nayo. Tuko tisa. Lori limesimama, injini inawaka, ni safi kweli. Afisa ana meza ndogo na rundo la fomu. Fomu yangu imeshapigwa chapa, imebaki sahihi yangu na ya shahidi ambaye yupo.

Afisa alimwita Mastura atie hiyo ya shahidi. Alimwambia yeye anafaa kabisa, cheti chake ni cha jana.

"Niandike kwamba hayupo?" akauliza. "Huyu hapa. Namshika mkono."

"Mama, hujaulizwa kama unamshika."

Akaiweka kalamu chini mezani, taratibu, akakataa. Afisa hakukasirika, alimwita mpiga tarumbeta mmoja atie badala yake, na yule kijana wa bendi akatia bila kusoma. Nilidhani Mastura atakwenda kusimama nje ya uzio na wale wengine wanaolia. Hakwenda. Alizunguka meza akaja kusimama nyuma yangu, kwenye mstari, kama siku ile ya kuandikishwa. Jua ni lilelile.

"Mama, toka kwenye foleni," afisa amemwambia mara mbili sasa. "Wewe upo."

"Nipo," anajibu, wala hasogei.

Mbele yangu amebaki mtu mmoja. Nimemwambia Mastura aende nyumbani, kuna mwanamke kule zahanati uchungu umemwanza tangu asubuhi. Anasema anajua. Anasema ataondoka nikishapanda, si kabla. Halafu ameinama karibu na sikio langu.

"Umenipita tena," amesema, na mkono wake uko mgongoni kwangu, una joto.